Vipimo vya Piano ya Padre Gaspar

Temeke, Dar es Salaam
8 Machi 1953

Mdogo wangu Margareta,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na bega lako na wajukuu. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mvua zimeanza mapema, na mtaa wetu umegawanyika sehemu mbili, wenye mbao za kuvukia na wasio nazo. Binti yangu Sesilia ndiye anayenipikia siku hizi. Ananipikia bila chumvi kwa amri ya daktari, kwa hiyo nakula kwa utii, si kwa hamu.

Daktari mwenyewe alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, akaitazama miguu yangu iliyovimba, akasema moyo umechoka. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamwambia ualimu. Akasema, "Aa," kama mtu aliyepata jibu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimekuwa nikiifikiria ile trio yetu, muziki wa watu watatu. Wewe na fidla yako, binamu yetu Albano na ile fidla kubwa ya kubana magotini, mimi kwenye piano, na Padre Gaspar amesimama nyuma yetu na fimbo asiyoitumia. Hatujaipiga pamoja tangu vita vya kwanza vilipowaondoa Wajerumani, na piano ikabaki Nanyindwa peke yake. Albano yuko Kinondoni, amestaafu ukarani wa reli, na fidla yake anayo bado.

Mwezi uliopita tulijaribu, yeye na mimi, pamoja na mwalimu kijana anayeitwa Adelard ambaye hupiga fidla. Tulitumia piano kubwa nyeusi ya ukumbi mmoja wa mjini. Haikuwa kitu. Piano za siku hizi zina fremu ya chuma, na nyundo zake zimevikwa sufu nzito. Ukiigusa tu, sauti inajaa chumba na haitaki kutoka. Fidla inamezwa. Ile ya Padre Gaspar ilikuwa ya mbao tupu, nyuzi nyembamba, nyundo zimevikwa ngozi. Ilitengenezwa Vienna kabla babu yake Padre hajazaliwa. Sauti yake ilizaliwa na kufa upesi, ikawaachia wengine nafasi ya kusema. Walioutunga muziki ule waliutunga kwa piano ya namna hiyo, na ndiyo maana nimeamua kutengeneza nyingine kama ile. Ni suala la usahihi wa kihistoria.

Seremala nimempata. Anaitwa Didas, Mmakonde wa Newala, karakana yake iko nyuma ya soko hapa Temeke, anatengeneza makabati na majeneza. Nilipomweleza piano ni nini, alisema:

"Nimekuelewa, mwalimu. Ni meza yenye nyuzi ndani."

Nikasema, kwa kifupi, ndiyo.

"Na droo iwe upande gani?"

"Haina droo."

"Meza bila droo haiuziki, mwalimu."

"Haitauzwa."

Alinitazama kwa huruma, kisha akakubali.

Nasikia piano ya Padre bado iko chumba cha nyuma cha misheni, imeliwa na mchwa lakini imesimama. Naomba uipime yote, nje na ndani, uniandikie. Halafu kiangazi barabara ikikauka, uje na fidla yako. Nikishaipiga trio ile mara moja tu pamoja nanyi wawili, nitakuwa nimemaliza. Nitaondoka bila kulalamika.

Ni mimi kaka yako,
Polikarpo


Nanyindwa, Jimbo la Kusini
26 Aprili 1953

Kaka Polikarpo, shikamoo.

Barua yako ilifika imelowa, lakini wino wako ni mzuri, nimesoma yote. Sisi ni wazima. Bega linauma nikifua, haliumi nikilima, kwa hiyo nalima. Mikorosho imestawi vizuri. Padre wetu mpya anahubiri kwa muda mrefu na watoto wanalala. Mpe Sesilia pole kwa kukupikia, najua ulivyo mbele ya sahani.

Nimekwenda kuipima piano. Masista walikuwa wameweka vikapu vya mahindi juu yake. Nimevitoa, nimepima, nimevirudisha. Sina futi, nimepima kwa shibiri. Urefu ni shibiri kumi na moja. Upana wa mbele ni shibiri saba. Katika shibiri moja yanaingia meno makubwa sita ya kubonyeza. Mengine nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na urefu wa nyuzi.

Kuhusu kuja, mwaka huu paa langu linahitaji kuezekwa upya, na hakuna wa kumsimamia fundi.

Umeandika kwamba tukishapiga utakuwa umemaliza. Nimeiona sentensi hiyo.

Mdogo wako,
Margareta


Temeke
14 Juni 1953

Mdogo wangu Margareta,

Marahaba. Pole kwa paa. Sisi hatujambo, mvua zimekatika, na mtaa umekuwa mmoja tena. Sesilia amenunua kuku sita, nao wamechagua kulala chini ya kiti changu.

Piano ya kwanza imekamilika na haifai. Wewe ulipima kwa shibiri, nami nikampa Didas shibiri zako. Yeye akazipima kwa mkono wake. Hujauona mkono wa Didas. Unafunika sinia. Kitu alichotuletea kililazimika kupitishwa dirishani, na baada ya kutolewa dirisha lenyewe. Nikikaa katikati, sauti za chini ziko karibu na jikoni na sauti za juu naziona tu. Kufikia jino la nane kutoka la kwanza inabidi nitanue mikono yote miwili kama mtu anayepima shamba.

Albano alikuja kutoka Kinondoni kuijaribu. Alikuwa amepakia fidla yake kwenye rukwama, imefunikwa shuka jeupe, na njiani askari alimsimamisha.

"Ndani kuna nani?"

"Kuna fidla, afande."

"Pole sana. Alikuwa nani yako?"

Albano anasema alishindwa kumrekebisha mtu aliyekwisha kuvua kofia. Alipofika hapa akaitazama piano, akaizunguka, akarudi aliposimama.

"Binamu," akaniambia, "hii si piano, hii ni gati. Meli yake inaingia lini?"

"Mie nimefuata vipimo vya dada yake," Didas akasema. "Kama dada yake ni jitu, kosa langu liko wapi?"

"Dada yake ni mfupi kama kinu. Ungeniuliza mimi, nilitaka kumwoa."

"Akakukataa?"

"Alisema napiga polepole."

"Na kweli," nikasema.

"Wewe nyamaza, mzee wa gati. Ningekuwa shemeji yako leo, ungeniheshimu."

Didas ameikata miguu akamuuzia mama mmoja anayepika chakula sokoni. Wanakula watu kumi na wanne kwa mara moja. Amefurahi sana, na amenikumbusha habari ya droo.

Nakutumia futi ya chuma ndani ya kifurushi hiki. Tafadhali pima tena kwa inchi. Na uniambie unakuja lini. Mwenye lori la kwenda Lindi ni mtu wetu, atakuchukua akirudi.

Kaka yako,
Polikarpo


Nanyindwa
2 Agosti 1953

Kaka, shikamoo.

Futi imefika. Ni nzuri, watoto wanaipenda. Tumezika mama mkwe wa jirani, alikuwa mzee, hakuna aliyeshangaa. Paa limekwisha. Sasa mbuzi ana mimba, na safari iliyopita alipozaa nikiwa sipo alimkataa mtoto. Halafu Askofu anatarajiwa kwa kipaimara, nami ndiye ninayefundisha kwaya. Kwa hiyo kuja kwa sasa ni vigumu.

Vipimo vya inchi ni hivi hapa chini. Nyuzi za chini nimezipima mara mbili. Mwambie Didas asiwe na haraka. Mbao zikauke vizuri kwanza. Mbao mbichi huharibu kazi, hilo kila mtu analijua, na kukauka kunachukua miezi.

Umesimulia sana habari za gati. Za moyo wako hukusimulia. Miguu imepungua?

Mwambie Albano nilisema anapiga polepole kwa sababu alikuwa anapiga polepole.

Mdogo wako,
Margareta


Temeke
27 Septemba 1953

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mbuzi amejifungua salama na Askofu amefika, au kinyume chake. Sesilia ana kikohozi kidogo. Kuku wamebaki wanne. Miguu iko vilevile, asante.

Piano ya pili ilikuwa na umbo la piano, hilo nalikiri. Didas alitumia mninga kwa mwili. Ule ubao mwembamba wa ndani unaokuza sauti aliutengeneza kwa masanduku ya msonobari yanayoletea mashine za kushonea bandarini. Ukiinama na kuchungulia chini ya nyuzi unasoma jina la kiwanda na amri ya kutolaza upande. Nyundo zilivikwa ngozi ya mbuzi. Waya tulipata kwa Mhindi wa vyuma. Albano, ambaye masikio yake ni mazuri kuliko tabia yake, akaanza kukaza nyuzi moja moja.

Zilikuwa ndefu mno. Uzi ukiwa mrefu, kuufikisha kwenye sauti yake unahitaji kuvutwa zaidi, na nyuzi zote hizo zilikuwa zikivuta mbao kutoka pande mbili. Siku ya tatu baada ya chakula cha mchana piano ilijikunja katikati kwa kishindo. Sesilia alitoka nje na sufuria. Majirani walikuja kutoa pole, wakakuta mimi mzima, wakakaa hata hivyo kwa sababu walikuwa wameshafika.

"Mwalimu," Didas akaniambia, "kuna mtu anatuchezea."

"Nani?"

"Mie sijui. Lakini futi ni chuma. Futi haikosei."

Nilimwambia ni mchwa, wamekula mbao huko Nanyindwa na kubadilisha umbo lake. Hakuniamini. Amekusanya vipande na anasubiri.

Margareta, nimekuuliza mara mbili kama utakuja, na mara mbili umenijibu habari za paa na mbuzi. Naomba jibu lisilo na kwato.

Kaka yako,
Polikarpo


Nanyindwa
8 Novemba 1953

Kaka, shikamoo.

Mbuzi amezaa mapacha. Askofu hakuja, alituma barua.

Mawingu yameanza kukusanyika huku. Karibu barabara itafungwa Rufiji, na mpaka ifunguliwe ni mwakani kiangazi. Basi tusubiri mwakani. Nitapima upya, polepole, bila kukosea. Hakuna kinachotukimbiza.

Unaendeleaje? Niandikie ukweli, si habari za kuku.

Margareta


Temeke
29 Novemba 1953

Mdogo wangu Margareta,

Marahaba. Wape hongera mapacha.

Umeniomba ukweli. Padre wa hapa hunijia kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi kunipa Komunyo na kuniungamisha. Ameshazisikia dhambi zangu zote, na naona zinamchosha. Haya ninayokuandikia sijamwambia yeye wala Sesilia wala daktari. Nimekaa siku kadhaa na kalamu mkononi. Yasome ukiwa umekaa.

Kwanza, vipimo vyako ni vya uongo, nami nilijua tangu barua ya kwanza. Nilipiga piano ile kuanzia utoto mpaka siku Padre Gaspar alipochukuliwa. Mkono wangu wa kulia unakumbuka umbali wa jino la kwanza na la nane kama unavyokumbuka kitasa cha mlango wa nyumbani. Hata kabla Didas hajaugusa ubao, nilijua. Nikamwacha aukate. Na za inchi vilevile, nikamwacha.

Nilimwacha kwa sababu nilielewa unafanya nini. Nilikuwa nimekuandikia neno la kijinga, kwamba tukishapiga nitakuwa nimemaliza. Ukaona kwamba usipokuja sitamaliza, na piano isipokamilika huna haja ya kuja. Nikasema moyoni, mtu anayenipimia vibaya kwa uangalifu kiasi hiki hataki nife. Nilifurahi, Margareta. Mke wangu alipofariki nilidhani hesabu ya watu wa namna hiyo imefungwa. Nikaikalia furaha hiyo miezi yote hii, na Didas akawa anapoteza mbao.

Lakini kitu unachokizuia sicho kinachoondoka. Moyo umechoka, ila unaweza kunivumilia mwaka, pengine miwili. Kinachoondoka ni masikio.

Walianza ndege. Nilidhani wamehama Temeke kwa sababu ya ujenzi. Nikamwambia Sesilia siku hizi hakuna ndege, akanitazama, na juu ya paa walikuwa wamejaa. Kisha ikaondoka kengele ndogo ya Misa. Napiga magoti nikiona wenzangu wamepiga magoti. Kisha sauti za wanawake. Sesilia naelewa anachosema kwa kutazama mdomo wake, na kwa kuwa kila siku anasema mambo yaleyale. Albano bado namsikia, kwa bahati mbaya.

Siku ile ukumbini, Adelard alipopiga fidla kando ya ile piano kubwa, niliona upinde ukienda na kurudi na sikusikia hata nota moja. Nilikuwa nasikia chuma cha piano kikinguruma tu. Alipomaliza nikampongeza. Nikamwambia ana sauti safi. Nilirudi nyumbani nikakaa, na wiki iliyofuata nikakuandikia habari za Vienna.

Yale niliyokuandikia kuhusu usahihi wa kihistoria ni kweli yote, lakini siyo sababu. Sababu ni kwamba nataka piano ndogo kiasi cha kukusikia wewe.

Kila mwezi kinapungua kitu. Ukiendelea kunichelewesha nisife, utafanikiwa. Utakuja mwakani kiangazi, utanikuta hai, nimekaa kitini na kuku chini yake, na utanipigia fidla kama mtu anayeupigia ukuta.

Sikulaumu. Nakuomba.

Kaka yako,
Polikarpo


Nanyindwa
20 Desemba 1953

Kaka, shikamoo.

Nilisoma nimekaa, kama ulivyosema.

Ni kweli. Siku ya kwanza nilipima sawasawa, nikakaa juu ya gunia la mahindi pale pale, nikaandika vingine. Baba alisema akimaliza kuezeka nyumba atapumzika. Akaezeka, akapumzika, tukamzika kabla majani ya paa hayajabadilika rangi. Mume wangu alisema haombi kitu ila kuiona mikorosho yake ikizaa. Ikazaa. Katika ukoo wetu mtu akitaja kazi yake ya mwisho, anaimaliza. Wewe ukaitaja yako, ukanituma mimi nikuletee vipimo vyake. Ulitaka nifanyeje?

Ningejua ni masikio ningekuja kwa miguu. Kwa nini hukusema? Ulimwandikia mdogo wako habari za gati na za sufuria ya Sesilia, na ndege walikuwa wameshaondoka. Sijakusamehe. Wewe nawe usinisamehe vipimo, tuwe sawa.

Vipimo vya kweli viko kwenye karatasi ya pili. Nimevipima leo, mbele ya Sista Adelina, na nimemwomba aweke sahihi, kwa kuwa mimi siaminiki. Karibu na katikati kuna lile jino bubu ambalo halikuwahi kulia tangu tuko watoto. Mwambie Didas alifanye bubu vilevile. Mikono yako imezoea kupita pale bila kutegemea kitu, na Albano alikuwa akigonga ubavu wa fidla yake kwa kidole mahali hapo. Likilia sasa tutashtuka wote watatu.

Natuma na ngozi ya digidigi kwa ajili ya nyundo. Ngozi ya mbuzi ni nene, ndiyo maana Padre hakuitumia. Hilo nalo nililijua nikanyamaza.

Barabara imeshafungwa. Nitapanda meli Lindi baada ya sikukuu ya Mamajusi. Sijawahi kupanda meli na sidhani nitaipenda. Fidla nimeitia nyuzi mpya. Vidole vimekakamaa asubuhi, vinalegea mchana. Tupange mazoezi mchana.

Usizibe masikio kwa pamba kama ulivyokuwa ukifanya zamani mafua yakikushika. Yaache wazi.

Margareta


Temeke, mezani
Jumapili, 14 Machi 1954

Mdogo wangu Margareta, upande wa pili wa meza,

Nimeona mdomo wako ukisema "mbona unaandika?" Naandika kwa sababu tangu mchana huu sauti yako sijui niitafute wapi. Endelea na karanga zako, halafu usome.

Kwanza nikushukuru kwa kuja, kwa kuwa ulipofika bandarini ulikuwa unatapika na haikuwa nafasi nzuri. Nilimshukuru Didas pia. Piano hii ya tatu imepitia mlangoni, ina urefu wake halali, na jino lake bubu ni bubu. Amejizuia kuhusu droo mpaka mwisho. Amechonga tu kijisanduku kidogo chini, upande wa kushoto, na amenihakikishia kuwa hiyo si droo kwa sababu haina mpini.

Katika mazoezi nilikusikia. Sikukwambia vizuri wakati ule. Si kila kitu. Nilifunga kifuniko cha juu cha piano, Albano akakaa mlangoni kabisa huku akilalamika kwamba anacheza barabarani, na wewe ukasimama karibu na bega langu. Hapo nilikusikia. Unaianza nota ukiwa chini yake kidogo, kisha unaisukuma mpaka mahali pake. Padre Gaspar alikukataza hilo miaka yote na hukuacha. Nilikuwa nimesahau. Wiki tatu nimekaa nikisubiri kila nota yako ichelewe kufika.

Leo, tulipoipiga trio mbele ya watu, ukurasa wa kwanza nilikusikia. Wa pili pia, sehemu kubwa. Halafu ilikuwa kama mtu amefunga mlango taratibu asiwaamshe waliolala. Wewe, Albano, na piano yenyewe. Nilitazama vidole vyangu vikiendelea. Nikatazama mkono wako wa upinde, na kifua cha Albano, maana huvuta pumzi kama fahali kabla ya kuingia. Hivyo nikafika mwisho. Nadhani nilifika. Niliona makofi. Didas alikuwa analia, lakini Didas hulia hata kwenye ubatizo. Padre wa hapa alinishika mkono na kusema maneno mengi. Albano alisimama mbele yangu akasema kitu na kucheka sana. Sijui alinitania nini. Nikamjibu, "Na wewe pia," na ilionekana inatosha.

Sasa nakuuliza, na unijibu kwa kalamu hii. Ilikuwaje? Najua unavyoweza kunidanganya kwa futi ya chuma. Ukiandika kwamba tuliharibu, nitajua huenda unataka turudie Jumapili ijayo, na nyingine, na nyingine, ili nisimalize. Nami nitarudia, kwa sababu sina tena namna ya kujua mwenyewe. Lakini ningependa kujua.

Polikarpo


Mezani hapo hapo

Kaka,

Shikamoo, ingawa nilikuamkia asubuhi.

Umeona karanga zimekwisha na nimeanza kupanga maganda. Jibu la uongo nilikuwa nalo tayari tangu nilipokuona unachukua kalamu. Lilikuwa zuri. Nilitaka kuandika kwamba ulitangulia kwenye sehemu ya polepole tukakufukuza bila kukupata, na kwamba Jumapili ijayo ni lazima.

Albano alisema, "Binamu, leo nakuheshimu, usizoee." Hicho ndicho ulichomjibu "na wewe pia."

Albano alikosea mahali pawili. Mimi nilichelewa kuingia mara moja kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe, nikajua kwamba hutusikii. Wewe hukukosea. Kabla ya ukurasa wa mwisho ulisimama kidogo, mahali ambapo hatukuwahi kukubaliana kusimama, hata enzi za Padre. Sisi tukasimama nawe. Hakuna mtu aliyekohoa. Kisha ulishusha mkono, na tuliingia wote watatu kwa pamoja, na tulikwenda hivyo mpaka mwisho.

Ilikuwa nzuri, kaka. Hatuna haja ya kuirudia.

Margareta